Land Rover 109 iko Tanga, nina siku moja tu: kutu niikague wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Dodoma. Nimepata Land Rover Series III, 109 (ile ndefu, inchi 109 toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma), ya mwaka 1979, iko Tanga mjini kwa mzee mmoja mstaafu, anataka milioni 12. Picha nilizotumiwa zinaonesha rangi mpya ya kijani, imenyooka kabisa. Nilipomuuliza habari ya kutu akacheka, akasema, "Mwanangu, Land Rover ni alumini, haishiki kutu." Nitakuwa na siku moja tu ya kulikagua gari. Niangalie wapi? Na kutu kiasi gani nivumilie, kiasi gani nigeuze nirudi zangu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla hujakata tiketi ya basi, mpigie mzee simu umwombe jambo moja: gari asilioshe. Watu wengi, tena kwa nia njema, wakisikia mnunuzi anakuja wanalipeleka gari likaoshwe chini kwa maji ya presha, halafu kijana wa pale anamalizia kwa kupulizia oili chafu chini kote. Likitoka hapo ni jeusi tii, linang'aa, na hata mimi mwenye miaka yangu kwenye kazi hii siwezi kukwambia kitu bila kwanza kulifuta nusu saa. Ulikute na tope lake. Mahali tope limeganda ndipo maji hukaa, na mahali maji hukaa ndipo utakapoanzia.

Sasa hilo la alumini. Mzee hakukudanganya, amekupa nusu ya habari. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, Uingereza imetoka vitani na chuma kinatolewa kwa mgao. Alumini ilikuwepo, hivyo mhandisi Maurice Wilks na wenzake pale kampuni ya Rover wakalivisha gari lao aloi ya alumini iliyoitwa Birmabright. Ngozi hiyo ndiyo anayoisifia mzee: madigadi, boneti, mbavu za bodi ya nyuma. Lakini ngozi haibebi gari. Kinachobeba ni chasisi, na chasisi ni chuma. Ukuta wa mbele, ule unaokutenga wewe na injini, ni chuma. Fremu za milango, chuma. Series III ilipoingia mwaka 1971 haikubadilisha hilo. Ndiyo maana Land Rover inadanganya wanunuzi kuliko Pijo. Pijo 504 ikiwa na kutu utaiona ubavuni ukiwa umesimama ng'ambo ya barabara na soda mkononi. Land Rover inaweza kusimama mbele yako imenyooka, inameremeta, na mifupa yake imekwisha.

Chasisi ya 109 ni mihimili miwili mirefu inayotoka mbele hadi nyuma, na vyuma vinavyoikatiza kama mataruma ya reli. Kila mhimili ni boksi: bati nne za unene wa milimita 2 hivi, zimechomelewa kwenye kingo zake, ndani wazi. Ubavuni kuna matundu. Tope, mchanga na maji huingia kwa matundu hayo, hutulia humo miaka, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Siku utakapoiona kwa nje, ujue ilishakula ikashiba.

Na pwani kuna chumvi. Kutu inataka chuma, maji na hewa, basi. Chumvi inakuja kama mchochezi. Inafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo sana unaopita kwenye chuma chenyewe. Halafu chumvi hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo bati lenye chumvi halikauki vizuri hata mwezi ambao mvua haijanyesha tone. Gari lililolala miaka ishirini Raskazone, upepo wa bahari unalipiga usiku na mchana, si sawa na lililolala Korogwe, ingawa yote mawili mtu atakwambia ni "gari la Tanga."

Hivyo swali lako la kwanza kwa mzee lisiwe la kutu. Muulize gari limefanya kazi gani maisha yake. Likiwa la shamba la mkonge, limepigwa na mashimo lakini si na chumvi. Kagua nyufa kuliko kutu. Likiwa limebeba samaki, hapo panda juu ya bodi ya nyuma, piga magoti, weka pua sakafuni. Sikutanii. Maji ya barafu ya samaki yana chumvi, yanapita kwenye maungio ya sakafu na kudondokea mahali pamoja kila siku, juu ya boriti ya nyuma ya chasisi, na harufu ile haitoki hata baada ya miaka kumi. Likiwa limebeba mbolea ya chumvichumvi, ni hivyo hivyo. Na kama liliwahi kufanya kazi kandokando ya maziwa ya magadi, Magadi au Natron, geuza ukaguzi: magadi hula alumini kwa kasi kuliko chuma, kwa hiyo ile ngozi inayosifiwa ndiyo ya kutazama kwanza.

Vifaa vyako ni vichache. Nyundo ndogo, ile ya gramu mia tatu au nne, si nyundo ya kupigia patasi. Bisibisi bapa ya zamani. Brashi ya waya. Tochi ya kichwani ili mikono ibaki huru. Sumaku, hata ile ya spika mbovu, uifunge kwenye kitambaa isikwaruze rangi. Kipande cha turubai cha kulalia. Ukipata ile kamera ya waya inayochomekwa kwenye simu, ibebe. Haina bei kubwa, na itakupeleka ndani ya chasisi ambako jicho halifiki.

Adabu nayo ni kifaa. Usifike ukaingia uvunguni na bisibisi mkononi kama askari wa upekuzi. Kaa, kunywa chai, sikiliza historia ya gari, maana nusu ya ukaguzi imo kwenye hadithi za mwenyewe. Kisha sema, "Mzee, naomba ruhusa nigongegonge chini kidogo, na pale nitakapotia shaka nikuite uone mwenyewe." Mwenye gari zima atakuletea na mkeka wa kulalia. Na usichomeke bisibisi popote kabla ya kumwita. Gari bado ni lake, na tundu utakaloliacha litakuwa lako kulieleza.

Anza nyuma. Boriti ya nyuma, pale ndoano ya kuvutia inapofungwa, ndiyo sehemu ya kwanza kufa kwenye Land Rover nyingi. Matairi ya nyuma yanairushia kila kitu, bodi inaidondoshea maji, na haina kinga yoyote. Iguse kwa chini, upande usioonekana ukiwa umesimama. Pitisha vidole ukingo wa chini kutoka kona moja hadi nyingine. Chuma kizima ni baridi na laini. Chuma kilichoanza kuvimba utakihisi kina migongo, kama gamba la mwembe, na magamba yatabaki mkononi. Hiyo ni kwa sababu kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Inasukuma, inatenganisha bati na bati, inafungua maungio. Ukiona ukingo umefunguka mdomo, kutu iko katikati.

Kisha gonga. Polepole, kila baada ya upana wa vidole vinne, ukisikiliza. Chuma kizima kinajibu kwa mlio mkali, ting, na nyundo inaruka mkononi. Chuma kilichokwisha kinajibu kwa sauti nzito, dub, kama unagonga nazi iliyooza, na nyundo inatulia pale pale. Mara nyingine utasikia kitu kinamwagika ndani ya boksi, kama mchele kwenye gunia. Ni magamba. Huhitaji kuwa fundi kusikia tofauti hiyo. Gonga kwanza mahali unapojua ni pazima, katikati chini ya gia boksi, ili sikio lipate kipimo, halafu rudi nyuma.

Nimekwambia katikati ni pazima na sibahatishi. Land Rover za umri huu zinavuja oili, karibu zote, na oili hiyo imekuwa ikiipaka chasisi mafuta chini ya injini na gia boksi kwa zaidi ya miaka arobaini. Watu wanalalamikia uvujaji, mimi nikiona chini pamelowa oili kavu iliyochanganyika na vumbi, nafurahi kidogo. Kutu hukaa mbali na hapo: kuanzia nyuma ya gia boksi hadi mwisho, na hasa pale mhimili unapopanda kuvuka ekseli ya nyuma, kisha unapopokea vishikizo vya springi. Hapo gonga pande zote nne za boksi: chini, ubavu wa nje, ubavu wa ndani, na juu kama mkono unafika. Juu ndiko watu wanakosahau, na juu ndiko tope linakokaa kati ya chasisi na sakafu ya bodi.

Nikuelezee lililonikuta mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha kugonga. Miaka hiyo nilikuwa najiona fundi tayari. Nikanunua 109 kwa mtu wa pwani, chini imepakwa lami nyeusi nene, safi, nikasema huyu bwana analitunza gari. Nilikuja kuigundua siku nafunga kishikizo cha springi upande wa kushoto: spana ikateleza, ikagonga mhimili, ikaingia. Spana ya namba 17, imezama hadi katikati. Nikavuta, ikatoka na karatasi. Tundu lilikuwa limeshindiliwa magazeti, juu yake puti, juu ya puti lami. Gazeti bado lilikuwa linasomeka, matokeo ya mpira. Nilikaa chini nikasoma.

Kwa hiyo lami mpya ni swali, si jibu. Lami au oili nyeusi iliyopakwa juzi, wakati sehemu nyingine za gari zina vumbi la miaka, ikune kwa ncha ya bisibisi sehemu ndogo. Chini ya lami ya kweli kuna rangi au chuma. Chini ya lami ya uongo kuna unga mweupe au wa kijivu wa puti. Hapo sumaku inafanya kazi vizuri: ipitishe kwenye mhimili, na pale inapoachia ghafla, pana kitu kisichokuwa chuma.

Viraka vyenyewe havinitishi. Gari la mwaka 1979 lisilo na kiraka hata kimoja nalitilia shaka zaidi. Ninachotazama ni kiraka kimechomelewaje. Kizuri kimekatwa hadi chuma kizima kikapatikana, kikachomelewa mstari mmoja usiokatika kuzunguka kote, na kona zake zimeviringwa ili mkazo usianze ufa. Kibaya ni bati lililobandikwa juu ya kutu, likashikwa kwa nukta nne au kuchomelewa pande tatu, ya nne ikaachwa kwa sababu mkono haukufika. Kiraka cha namna hiyo ni mfuko wa maji. Na kiraka juu ya kiraka, bati la pili limepanda la kwanza, maana yake fundi wa pili hakupata chuma cha kushikia moto. Ukikuta hivyo kwenye mhimili mkuu, si kwenye vipande vya pembeni, kunja turubai lako.

Vipande vya pembeni ni ile mikono inayotoka ubavuni mwa chasisi kushika bodi: miwili mbele chini ya miguu ya ukuta wa mbele, mingine inayofuata nyuma. Huoza karibu kila gari, kwa sababu juu yake ni tambarare na tope hukaa. Mkono mmoja uliooza ni kazi ya siku moja kwa mchomeleaji anayejua kazi. Hilo ni la kupunguzia bei tu.

Mbele, chuchumaa kwenye pembe mbili za chasisi zinazoshika springi nyuma ya bampa. Upande wa kulia, karibu na kishikizo cha springi, ndipo namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma chenyewe. Isafishe kwa brashi kwa upole, isome, uilinganishe na kadi ya gari na kile kibati cha kiwandani. Hapa kutu inakuwa shida ya karatasi: nimeona magari mazima kabisa yenye namba iliyoliwa hadi haisomeki, na mengine pembe ile imekatwa na kuwekwa mpya isiyo na kitu. Mwenye gari anaweza kuwa mkweli, lakini siku ya kubadilisha umiliki TRA wewe ndiye utakayeulizwa. Namba isiposomeka, mzee alimalize hilo kwanza, wewe ukiwa bado na hela yako mfukoni.

Sasa simama, ufungue milango. Ukuta wa mbele ni sehemu ya pili kwa gharama baada ya chasisi, na wengi hawaujui kwa sababu umefichwa na kapeti. Lifunue lile kapeti la mpira upande wa dereva na wa abiria. Maji yanaingia kwa vile vidirisha vya hewa chini ya kioo cha mbele, ambavyo raba zake huisha mapema, yanateremka hadi penye miguu na kulala chini ya mpira. Gusa: ukikuta unyevu wakati mvua haijanyesha, una jibu. Bonyeza kwa kidole gumba kona za chini za mbele, pale kisigino kinapokaa na pale bati linapopinda kupanda. Bati likibonyea kama bati la debe, limekonda. Fungua na vile vidirisha, tazama kona za chini za tundu. Kutu ya pale hushuka ndani kwa ndani.

Lakini penye miguu hapaniumizi kichwa sana, maana ni bati la kukatwa na kuwekwa jipya. Nguzo za milango ndizo zinazouma. Fanya jaribio hili, halina gharama: fungua mlango wa dereva nusu, ushike kwa chini kwenye ncha, uunyanyue juu na kuushusha huku macho yako yako kwenye bawaba. Ukicheza mlango peke yake, bawaba zimelika, pini mpya zinatosha. Nguzo ikicheza pamoja na mlango, mguu wa nguzo umeoza pale inapofungwa kwenye mkono wa chasisi. Kulitengeneza hilo sawasawa ni kung'oa madigadi, kioo, dashibodi na nyaya. Mafundi wengi hawatakufanyia hivyo. Watabandika bati kwa nje. Ihesabu gharama hiyo kikamilifu kwenye bei, au liache.

Halafu ile ngozi ya alumini, ambayo sasa unaweza kuitazama kwa amani. Alumini haishiki kutu nyekundu, kweli. Ila ikigusana na chuma na katikati pakawa na maji ya chumvi, hizo mbili zinakuwa kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Dalili yake ni malengelenge chini ya rangi, na ukiyapasua unatoka unga mweupe kama wa chaki. Tazama chini ya milango, ambako ngozi ya alumini imekunjwa kuikumbatia fremu ya chuma; tazama mistari ya ribiti na bolti. Usikimbie kwa hilo. Ni ubaya wa sura, na milango mingine ya 109 bado inapatikana gereji.

Na hapa sumaku inafanya kazi kinyume na ulivyozoea. Kwenye magari mengine unatafuta mahali inapokataa kushika, ujue pana puti. Kwenye madigadi ya Land Rover yapasa ikatae kote. Ikishika katikati ya digadi, mtu ameziba kwa bati la chuma, na bati hilo sasa linaila alumini iliyolizunguka. Rangi mpya uliyoiona kwenye picha itakuwa imefunika mambo ya namna hiyo. Rangi mpya kabla ya kuuza sijawahi kuipenda, ingawa naelewa: mzee anamwoza binti yake, lazima ampambe.

La mwisho chini ya gari: paipu za breki. Za chuma, nyembamba, zimelala kwenye chasisi, na kutu inazianzia pale zinaposhikwa na vibanio. Pitisha kidole. Zikiwa na vipele, zinabadilishwa kabla hujalivusha gari Segera, achilia mbali kufika Dodoma. Hazina gharama kubwa, lakini hazina mjadala.

Ukitaka kulinyanyua gari, weka jeki moja kwa moja chini ya mhimili, katikati ya urefu wake, na nyanyua taratibu huku umesimama nje, sikio likiwa wazi. Chuma kizima kinanyamaza. Ukisikia mlio kama wa mtu anayetafuna bisi, jeki inaingia ndani ya chasisi. Shusha, umeshapata ulichokifuata Tanga. Na usiingize hata mkono chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. 109 ina nafasi ya kutosha uvunguni bila kunyanyuliwa.

Sasa kiasi gani uvumilie. Mimi sihesabu wingi wa kutu, natazama ipo wapi. Kutu ya unga, ile nyekundu inayofutika kwa brashi na chini yake chuma kikang'aa, iache iwe hata gari zima. Ni kazi ya msasa na rangi. Magamba, ambayo yanabanduka kwa bisibisi, yanavumilika kwenye mikono, boriti ya nyuma na fremu za milango. Sehemu hizo hukatwa na kuchomelewa mpya, na kwa milioni 12 mpunguzie mzee gharama yake baada ya kumuuliza mchomeleaji wa Tanga, si wa Dodoma. Tundu au sauti nzito kwenye mihimili yenyewe, hasa kuzunguka vishikizo vya springi, hapo bei haihusiki. Springi ndiyo inayolibeba gari na abiria wako. Ikiachia kwenye kona ya Mlima Nyoka hakuna atakayekumbuka kwamba ulinunua kwa bei poa.

Kuna dawa moja ya chasisi mbovu: mpya. Uingereza bado wanatengeneza chasisi za Series zilizochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, ndani na nje, na hizo zitamzika mwenye gari. Lakini kuinunua, kuisafirisha, kulipia ushuru na kulivua gari zima hadi nati ya mwisho ni mradi wa mtu mwenye hela ya kuchezea, na lile suala la namba ya chasisi linarudi pale pale. Kama ndivyo mpango wako, basi tafuta gari lenye ukuta wa mbele mzima na bei ya chini kabisa, usilipe milioni 12 kwa rangi ya kijani.

Ukishakagua, nipigie picha hizi kabla hujatoa hata senti: boriti ya nyuma kwa chini, mihimili yote miwili juu ya ekseli ya nyuma, penye miguu pande zote mbili kapeti likiwa limefunuliwa, na namba ya chasisi. Zipige kwa karibu, na uweke funguo au sarafu pembeni nione ukubwa.

Na kama umelichukua, usikubali lipulizwe oili chafu kabla ya safari. Utafungia chumvi na unyevu ndani. Likifika Dodoma, ingiza mpira wa maji baridi ya bomba kwenye yale matundu ya chasisi, mwaga hadi maji yanayotoka yawe meupe, na itakuchukua muda kuliko unavyofikiria. Halafu liache juani siku tatu, milango wazi, kapeti zimetolewa. Jua mnalo la kutosha huko. Ya nne ndiyo upulizie mafuta ndani ya chasisi, safi, kwa tundu baada ya tundu.